Meja na Majina ya Saa Kumi

Alipofariki, gazeti lilimwandika Meja Ninian Dalgarno aya tano. Alizaliwa Uskoti mwaka 1920, mtoto wa mchungaji. Aliongoza askari wa Afrika Mashariki huko Burma, wale ambao wazee wetu waliwaita Keya, akapewa nishani ya Msalaba wa Kijeshi akiwa na miaka ishirini na minne. Alibaki Kenya na jeshi, akamwoa Mmarekani aliyekuwa karani Nairobi, akahamia Virginia mwaka 1962 na kufundisha hesabu katika shule ya wavulana. Alipenda mbwa. Ameacha binti mmoja.

Yote ni kweli, hata hayo ya mbwa. Lakini mimi ndiye niliyemwogesha miezi kumi, nikamkata kucha na kumlisha uji wake wa shayiri ambao aliutaka na chumvi, sukari kamwe. Nasema aya tano hazikumtosha. Ya sita naiandika mwenyewe, hata kama hakuna atakayenishukuru.

Naitwa Chepkoech, Mnandi wa Kapsabet, Kenya. Naishi Herndon, hapa Virginia, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mwezi wa sita mwaka 2004 mratibu wa kampuni yetu alinipigia simu. Alikuwa na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huko Fairfax, nyuma ya chuo kikuu, na katika miezi mitatu mzee huyo alikuwa amewashinda watunzaji wanne. Kila jioni alipiga kelele kwa lugha ya Kiafrika.

"Wewe si unajua lugha ya Kiafrika?" akaniuliza.

Nilimjibu kwamba najua tatu, anataka ipi. Hakucheka. Siku iliyofuata nilikuwa mlangoni kwa Meja.

Nilimkuta mtu mrefu, mifupa mitupu, nyusi nyeupe kama za msaga unga wa posho mill. Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani.

"Wewe nakuja lini?" akasema. "Nani naleta wewe?"

Hicho ndicho Kiswahili alichokuwa akitusimulia babu yangu, Kiswahili cha makambi, ambacho ofisa wa kizungu aliwaamrishia watu wa makabila kumi na tano. Kizungu chake cha miaka arobaini ya Virginia kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo, na hiki kilikuwa kimebaki chini, kizima. Binti yake, Elspeth, mama wa miaka hamsini anayefanya kazi ofisini Washington, hakujua hata neno moja.

Sebuleni kulikuwa na fremu ya kioo. Ndani yake mlikuwa na nishani yenyewe na karatasi ya sifa, na kwa kuwa nilipangusa vumbi lake kila siku, naijua kwa moyo. Ilisema kwamba Luteni Dalgarno alivuka mto uliofurika huku risasi zikimiminika, akakitoa kikosi chake mikononi mwa adui, na akarudi na silaha zote.

Siku hiyo ya kwanza, saa kumi jioni ilipokaribia, alianza kuhangaika. Alivuta blanketi, akageuza kichwa kuelekea mlango wa kioo unaotokea uani, ambako kijito hupita nyuma ya miti. Kisha akakaa wima.

"Sajini! Ita askari."

Sajini nilikuwa mimi. Akaanza kuita majina, bila karatasi, jina na mahali mtu alipotoka. Mutua Nzioki, Kitui. Saidi Mfaume, Songea. Kiprotich arap Bor, Kericho. Baada ya kila jina alinyamaza akasubiri, na asipojibiwa aliliita tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Watunzaji wanne walikuwa wamemtazama tu wakampa dawa ya kulala. Mimi nilikuwa nimefundishwa katika kozi yetu kwamba mgonjwa wa namna hii habishiwi, unaingia ulimwenguni mwake. Basi nikasimama, nikaweka mikono nyuma.

"Hapa, Afande," nikasema.

Uso wake ulilegea papo hapo. Akaendelea, na mimi nikajibu kwa ajili ya Mutua, na ya Saidi, na ya Bor. Walikuwa thelathini na mmoja. Alipofika wa kumi na tisa alisita.

"Kipkemboi arap Sitienei. Kabiyet."

"Hapa, Afande."

Alinigeukia polepole. "Sitienei?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Hapa, Afande. Niko hapa."

Akalia. Hakulia kwa uchungu, alilia kama mtu aliyeshushwa mzigo, na alipomaliza akaniambia nilete chai. Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikatulia. Elspeth alinikumbatia jikoni. Kampuni ilinipa cheti cha mtunzaji bora wa mwezi, nikakibandika kwenye friji yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia muuguzi msimamizi aandike katika mpango wa matunzo: saa kumi jioni, jibu majina yote. Nilijiona nina akili sana.

Miaka ya hamsini, wakati wa Mau Mau, Meja alikuwa Nyeri na jeshi. Hayo hakuyasema hata mara moja, na mimi sikuyachokonoa. Gazeti nalo liliyaruka.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, baada ya ibada yetu ya Kikenya huko Beltsville, tulikaa kwenye ukumbi wa chini tukila, na mimi nikawachekesha watu. Niliinua nyusi, nikaita majina kwa sauti ya Meja. Watu walishika mbavu. Aliyekaa kimya alikuwa Elkanah, mzee wa kanisa, dereva wa basi dogo la wasafiri pale uwanja wa ndege wa Dulles.

"Sister, rudia hiyo jina," akasema.

"Ipi?"

"Hiyo ya Kabiyet. Na usiifanyie comedy. Sema tu."

Nikaisema. Elkanah akasukuma sahani.

"Mimi ni wa Kabiyet. Kuna boma ya akina Sitienei chini ya dispensary. Kijana wao alienda Keya na hakurudi. Huyo mzee wako ako na miaka ngapi?"

"Themanini na minne."

"Wacha ni-call home. Usimwambie mtu yeyote kitu kwanza."

Sikula tena mchana ule. Aibu ilinishika, maana nilikuwa nimecheza na jina la mtu mbele ya wali na kuku.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Elkanah aliniunganisha kwa simu na dada yake Kipkemboi. Kogo Tabutany, yaani Nyanya Tabutany, alikuwa na sauti kavu na masikio yaliyokwisha, kwa hiyo nilipiga kelele kwa Kinandi nikiwa kwenye maegesho ya duka. Alinieleza shida yake bila kuzunguka.

Kwetu, mtoto akizaliwa, mabibi wa ukoo humwekea tumbaku ya kunusa kidogo puani, wakaita majina ya waliokufa, mmoja baada ya mwingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake, maana huyo ndiye aliyerudi. Aliye hai haitwi hapo. Kumwita hapo ni kumzika. Na barua ya serikali iliyoletwa kwa baba yake Kogo mwaka 1945 haikusema Kipkemboi amekufa. Ilisema amepotea.

"Baba alikataa aitwe," Kogo alisema. "Alisema aliyepotea hupatikana. Akafa akikataa. Mama naye akafa akikataa. Watoto wa boma hii wote wamepigia chafya watu wengine. Kipkemboi hayuko na walio hai, hayuko na waliokufa. Mke wa mjukuu wangu atajifungua mwezi wa nne, na mimi nimebaki peke yangu ninayemjua kwa sura. Muulize huyo mzungu."

"Nimuulize nini, Kogo?"

"Kama alimwona amekufa. Sitaki kingine. Nataka mtu aliyemwona."

Jumatatu nilimuuliza. Nilisubiri achangamke baada ya uji, nikachuchumaa mbele ya kiti chake. "Afande, Sitienei wa Kabiyet alikufa wapi?"

Alinitazama kwa mshangao uliokaribia huruma. "Sitienei hapana kufa. Sitienei iko. Kila siku mimi naita, yeye najibu."

Miezi minane nilikuwa nimemjibia mtu yule, siku baada ya siku, kwa sauti yangu hii, mpaka nikamfufua. Katika dunia nzima kulikuwa na kichwa kimoja kilichojua Kipkemboi arap Sitienei alikwisha vipi, na mimi nilikuwa nimekifuta kwa wema na cheti nikapewa. Nilijaribu tena Jumanne, na Alhamisi, na wiki nzima iliyofuata. Kila mara alinihakikishia, kwa furaha, kwamba Sitienei yuko salama kabisa.

Njia iliyobaki niliijua, na nilizunguka nayo siku kadhaa kabla ya kuishika. Ilikuwa ni kuacha kumjibia.

Mara ya kwanza sikuweza. Aliita jina la kumi na tisa mara sita, ya saba akarusha kikombe, na mimi nikapayuka "Hapa, Afande" nikiwa nimefumba macho. Usiku nilioupitia wiki ile ni wangu mwenyewe, sitausimulia. Elkanah alinipigia akasema mke wa mjukuu amevimba miguu na huenda akajifungua mapema.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tatu mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kijito cha nyuma kikafura, kikawa kinanguruma. Saa kumi ilipokaribia nilikisogeza kiti cha Meja mpaka kwenye mlango wa kioo, nikaufungua kidogo ili asikie maji. Hilo sijalisema kwa mtu mpaka leo. Nililifanya nikijua ninachofanya.

Akaita. Nikajibu mpaka wa kumi na nane.

"Kipkemboi arap Sitienei. Kabiyet."

Nikafunga mdomo. Akaita tena. Akaita mara ya tatu na ya nne, akaanza kupumua kwa shida, na mimi nikahesabu vigae vya sakafu. Halafu akanyamaza. Akainama kutoka kwenye kiti, akashuka magotini kabla sijamdaka, nami nikapiga magoti nimshike. Akaweka kiganja chake mdomoni mwangu, akabana. Mkono ulinukia sabuni niliyomwoshea.

"Wacha kelele, Sajini," akanong'ona. "Hapana jibu. Mtu najibu, Mjapani nasikia."

Niliushusha mkono wake kidogo. "Nani anaita, Afande?"

"Sitienei. Iko ng'ambo. Naita Mutua. Naita Bor. Naita mimi."

"Kwa nini hakuvuka?"

"Mguu nakwisha. Maji kali."

Nikaikumbuka ile fremu ukutani. Sijui kwa nini niliuliza lililofuata, maana Kogo hakulitaka. "Na bunduki yake?"

Alinitazama kama anavyotazamwa kuruta mjinga. "Iko hapa. Mimi nachukua. Yeye nasema, Afande, acha bunduki. Mimi nasema hapana. Bunduki ya Bren napotea, kesi kubwa. Askari napotea, barua tu." Akaelekeza kidole kwenye maji. "Mimi nasema, ngoja, nakuja na kamba."

"Ulirudi na kamba?"

"Hapana."

Mvua ilikuwa inaingia kupitia ule upenyo, na goti la suruali yake lilikuwa limelowa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfunika blanketi, vyote viwili kwa pamoja, na mikono yangu haikufanya hata kimoja.

"Aliita mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi naanza. Jua nakwisha, yeye nakwisha."

"Ulimwona, Afande? Wewe mwenyewe, kwa macho?"

"Asubuhi. Na darubini. Iko kwa mti. Ndege nakaa kichwa yake." Kisha akasema neno moja kwa Kiswahili safi, kama aliyekuwa amelihifadhi asilichafue. "Amekufa."

"Na uliandika amepotea."

"Kufa, wakubwa nauliza namna gani. Kupotea, hapana uliza."

Hapo ndipo akaanza kulia, na sauti ile sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akanibana tena mdomo kwa kiganja, na mimi nikamwacha anibane, nikilia naye. Elspeth alitukuta hivyo. Alikuwa ametoka kazini mapema kwa sababu ya mvua, na alikuwa na keki mkononi.

"Umemfanya nini?" akauliza.

Ningeweza kusema ameanguka. Wazee huanguka kila siku. "Sikumjibu," nikasema. "Jina moja. Kwa makusudi."

Tulimwinua, tukambadilisha nguo, tukamlaza. Sebuleni ndipo nilipomwambia yote. Alinisikiliza amesimama, koti halijavuliwa, maji yakimtiririka kwenye zulia.

"Baba yangu aliwarudisha watu wake wote," akasema. "Imeandikwa hapo ukutani. Nimeisoma tangu nina miaka mitano."

"Isome tena, Elspeth. Si watu."

Aliiendea fremu. Alisoma kwa muda mrefu kuliko karatasi fupi kama ile inavyohitaji. Alipofika mwisho nilimwona akiurudia mstari ule wa mwisho kwa midomo tu. Silaha zote. Hakugeuka kunitazama.

"Kesho usije," akasema.

Sikumlaumu. Baba ni wake, na mimi nilikuwa nimemtesa mgonjwa wa miaka themanini na minne niliyelipwa kumtunza. Kampuni ilinifuta siku hiyohiyo, na cheti nilikitoa kwenye friji mwenyewe. Kilichoniuma ni kingine, na nilikisikia kwa mratibu aliyeniita kurudisha kitambulisho. Mtunzaji mpya alikuwa dada wa Peru, mpole, hajui Kiswahili hata cha salamu. Kila saa kumi Meja aliita majina yake thelathini na moja, akaita, akaita tena, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na wa kumjibu hata jina moja. Siku kumi na tisa alikaa hivyo. Kisha nimonia ikamchukua, daktari akasema ni umri, na gazeti likaandika aya tano. Nimejaribu kuona haki katika jambo hilo. Kuna siku naiona, na siku nyingine naona tu mzee anayeita, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa maji.

Kogo nilimpigia kesho yake baada ya kufukuzwa. Nilimwambia kila kitu isipokuwa ndege.

"Alimwona?" akauliza.

"Alimwona, Kogo. Amekufa. Alikaa chini ya mti, ng'ambo ya mto."

"Na alikuwa anaita."

"Aliwaita wenzake wote kwa majina."

"Hakuna aliyemjibu."

"Walikatazwa."

Kisha nikamsikia akiwaita watu wa nyumbani, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikaanza kulia kilio cha msiba, kwa mtu aliyekufa miaka sitini iliyopita.

Mtoto alizaliwa wiki ambayo Meja alizikwa. Elkanah aliniunganisha tena. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba ya mteja wangu mpya hapa Herndon, nikingoja kama vile mtoto ni wangu.

"Ni mvulana," Kogo alisema. "Tumemwita Kipkemboi mara nne. Mtoto alikuwa macho, anasikiliza. Hakupiga chafya. Alikuja kuipiga kwa jina la baba yangu."

Nilifikiria goti lililolowa, na kiganja mdomoni. "Pole, Kogo," nikasema. "Pole sana."

"Pole ya nini? Amekataa. Bado ana hasira, na mimi ningekuwa nayo. Zamani hata kukataa hakuweza, hakuna aliyemwita." Akakohoa, akamwambia mtu asogeze kiti. "Akija mtoto mwingine, tutamwita tena."